Milioni ishirini mkononi: hatifungani, kiwanja, hisa au shamba?

Mtanzania akishika fedha ya mkupuo, iwe mafao ya kustaafu au mauzo ya nyumba ya urithi, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kununua kiwanja. Wa pili ni kulima. Hatifungani, yaani kuikopesha Serikali kwa riba, hutajwa mwisho, tena na mtu aliyesikia tu mahali. Kwa mwenye milioni 20 ambaye hana muda wa kusimamia kitu kila wiki, mpangilio huo naona umekaa kichwa chini miguu juu.

Kipimo changu ni kimoja. Tanzania ni nchi ambayo kazi ya kujijenga haijaisha. Reli na mabwawa vinajengwa, ardhi nyingi haijapimwa, na kilimo bado kinasubiri mvua. Kila kazi isiyoisha ina gharama yake, na lazima apatikane wa kuibeba. Unapochagua pa kuweka fedha unachagua pia gharama ipi uibebe wewe na ipi umwachie mwingine. Wengi huuliza faida kwanza, na hilo la mzigo hulijua baadaye.

Hatifungani: Hazina ndiyo inayohangaika

Mwaka 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Mwaka huohuo mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115 kule Rufiji, ukaanza kuzalisha umeme. Miradi ya ukubwa huo haijengwi kwa kodi peke yake. Serikali hukopa nje, na hukopa ndani kwa kuuza hatifungani za miaka 2 hadi 25 katika minada inayoendeshwa na Benki Kuu. Wanunuzi wakubwa ni mabenki na mifuko ya hifadhi ya jamii, lakini hata mwenye shilingi milioni moja anaruhusiwa kuingia. Anachohitaji ni akaunti ya CDS, inayotunza hatifungani na hisa kielektroniki, na hiyo hufunguliwa kupitia benki yake au dalali wa soko la hisa.

Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 toleo jipya likashushwa hadi 12.56. Mwaka 2024 likapandishwa tena hadi 15.75. Riba ya hatifungani uliyonunua haibadiliki: wa 2021 atalipwa 15.95 yake hadi mwisho, hata matoleo mapya yakishuka hadi 5.

Tupige hesabu. Milioni 20 kwa asilimia 15.75, ukinunua kwa thamani yake kamili, ni shilingi 3,150,000 kwa mwaka. Hulipwa mara mbili, yaani 1,575,000 kila baada ya miezi sita, na riba ya hatifungani hizi za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio. Kwenye kuponi (malipo ya riba ya nusu mwaka) ya 13, miaka sita na nusu, utakuwa umeshapokea zaidi ya milioni 20, na mtaji wako bado uko palepale. Kwa asilimia 12.56 utafika hapo kwenye kuponi ya 16, yaani mwaka wa nane. Viwango hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo soma tangazo la mnada unaokwenda kushiriki, usitegemee namba ya jirani.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Ya kwanza ni kwamba milioni 20 utakazorudishiwa baada ya miaka 25 zitakuwa milioni 20 zilezile. Tangu 2018 mfumuko wa bei umekuwa mpole, kama asilimia 3 hadi 4 na kidogo, na ukilinganisha na riba ya 15 unaona raha. Lakini Desemba 2011 ulifika asilimia 19.8 nchini humuhumu. Miaka 25 ni mingi, na hakuna wa kukuhakikishia kwamba hali ile haitarudi. Ya pili ni shilingi yenyewe. Mwaka 2024 dola iligusa shilingi 2,700, kabla shilingi haijajinyanyua mwishoni mwa mwaka. Kama unalipa ada ya mtoto kwa dola, hesabu ya asilimia 15.75 si ya kweli kwako.

Ya tatu huwauma wenye haraka. Ukitaka kutoka kabla ya muda, unamuuzia mwekezaji mwingine kwenye soko la upili la Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), kwa bei ya siku hiyo. Aliyenunua ya 12.56 mwaka 2022 kisha akataka kuuza 2024, wakati matoleo mapya yanalipa 15.75, ilibidi akubali bei ya chini. Nani atanunua ya 12 kwa bei kamili wakati ya 15 ipo?

Kisha kuna Ghana. Desemba 2022 serikali ya huko ilielemewa na madeni, ikawataka wenye hatifungani za ndani wabadilishane na nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Wastaafu waliandamana Accra. IMF na Benki ya Dunia wanaiweka Tanzania kwenye hatari ya wastani ya kuelemewa na madeni, si ya juu, na mimi sioni dalili za Ghana hapa kwa sasa. Ila anayekuambia hatifungani ya Serikali haina hatari kabisa hajafuatilia.

Niseme pia kwamba faida yako hapa ina upande wa pili. Riba ya mikopo ya mabenki yetu imekuwa ikicheza karibu na asilimia 15. Benki ikiweza kumkopesha Waziri wa Fedha kwa riba inayokaribia hiyo bila kutoka ofisini, ina sababu gani ya kuhangaika na mwenye mashine ya kukamua alizeti Singida? Uwekezaji huu ni mzuri kwako. Kama ni mzuri kiasi hichohicho kwa nchi, hilo ni swali lingine.

Wasiotaka mambo ya mnada wana vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, au mifuko mingine kama Faida Fund ya Watumishi Housing. Unaanza na fedha kidogo sana, na ukihitaji chako unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Fedha nyingi za mifuko hii huishia kwenye hatifungani hizihizi na kwenye amana za benki, kwa hiyo faida ni ndogo kidogo na usumbufu ni mdogo zaidi. Kwa fedha ya dharura, sina mahali pengine ninapopapendekeza zaidi.

Kiwanja: unabeba mfumo mzima wa ardhi

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Ndivyo zinavyosema sheria mbili za 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji. Unachonunua ni haki ya kuitumia, kwa miaka 33, 66 au 99 ikiwa ina hati. Na hiyo "ikiwa" ndiyo penye kazi. Kuna kiwanja chenye hati. Kuna chenye ofa, yaani barua ya toleo, hati ikiwa bado. Kuna kilichopimwa lakini hakijamilikishwa mtu. Kisha kuna ile "ishirini kwa ishirini" iliyokatwa kwenye shamba la mzee fulani, yenye karatasi ya mauziano na mhuri wa serikali ya mtaa basi. Vinne hivi vinatangazwa kwa jina moja, na dalali akishaweka cha juu chake, hata bei zinakaribiana.

Wenye bahati wapo, tena wengi. Julai 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, waliokuwa na viwanja Dodoma walilala na kitu kimoja wakaamka na kingine. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari ikawa mjini. Simulizi hizi ndizo zinazotuuzia viwanja.

Ila Kigamboni hiyohiyo, mwaka 2008, ilitangazwa kuwa eneo la mradi wa Mji Mpya, na wakazi wakakaa miaka wasijue kama waendeleze maeneo yao au wasubiri fidia. Bagamoyo ulisainiwa mkataba wa bandari kubwa mwaka 2013, watu wakakimbilia kununua, na kufikia 2019 mradi ukawa umekwama baada ya Rais Magufuli kuyakataa masharti yake. Mwaka 2017, kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kibaha, nyumba zilipigwa alama ya X na kubomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kutoka katikati. Humo walikuwemo walioishi miaka mingi, wana umeme wa TANESCO, wanalipa kodi ya jengo. Mita ya LUKU haithibitishi kwamba umiliki wako ni halali, ingawa Serikali hiyohiyo inakukata kodi ya jengo humohumo.

Hapo sijataja kuuziwa eneo lenye mnunuzi mwingine, mirathi ambayo haijafungwa, au mke aliyejitokeza baada ya mume kuuza. Sheria inataka mwenzi aridhie, na saini yake isipokuwepo ununuzi wako unaning'inia.

Upande wa fedha, kiwanja hakikulipi kitu wakati unasubiri. Kinataka kodi ya pango la ardhi, kinataka kufyekwa, na usipokwenda kukiangalia kinapata jirani mwenye tamaa. Siku ya kuuza kuna kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Ili kifungane na ile hatifungani ya 15.75, inabidi bei yake iongezeke zaidi ya mara mbili ndani ya miaka sita na nusu, tena apatikane mnunuzi mwenye fedha taslimu. Inawezekana Dodoma au Goba. Kwa "ishirini kwa ishirini" ya huko ambako barabara ni ya ahadi, sidhani.

Kwa hiyo kiwanja ninachokitetea ni cha kujengea nyumba ya kuishi, au chenye hati, maji na barabara. Hata hicho, kabla ya kulipa nenda kwa msajili wa hati ukafanye upekuzi, kisha uwaulize mipango miji kama mchoro unaonyesha makazi au shule. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na unachokiokoa.

Waliochukua uraia wa nchi nyingine wawe waangalifu zaidi. Tanzania bado hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania imeanza kufungua mlango, lakini kuandikisha kiwanja kwa jina la mdogo wako "kwa muda" kumeshavunja familia nyingi.

Hisa

DSE iliuza hisa za kwanza mwaka 1998, za kampuni ya gesi ya TOL. Leo mazungumzo ni ya mabenki. CRDB waliuza hisa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Zikapanda, kisha zikashuka hadi chini ya bei ile ya mwanzo kufikia 2019, na mwisho wa 2024 zilikuwa zaidi ya 600. Vodacom waliuza kwa 850 mwaka 2017, baada ya sheria kuyataka makampuni ya simu yauze sehemu ya hisa kwa umma, na kwa miaka iliyofuata bei ilikaa chini ya hapo. Soko ni lilelile, nchi ni ileile.

Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa asilimia 5 tu. Tatizo ni wembamba wa soko: kampuni kadhaa hupita siku nyingi bila hisa kubadilisha mkono, na unaweza kuwa na mali kwenye karatasi usipate wa kumuuzia. Ukiwa na miaka kumi ya kusubiri na moyo wa kuona namba nyekundu bila kukimbia, weka sehemu. Usiweke zote.

Shamba: unabeba kila kitu

Kilimo kinaajiri karibu theluthi mbili ya Watanzania na kinachangia kama robo ya pato la taifa. Linganisha namba hizo mbili uone umaskini unakokaa. Serikali imeanza kuweka fedha za maana: bajeti ya Wizara ya Kilimo ilitoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 ikavuka trilioni 1.2 mwaka 2024/25, na mbolea ya ruzuku ilianza 2022. Kwa hiyo fursa ipo. Swali ni kama ni yako wewe, uliye Dar au Muscat, unayepanga kulima kwa simu.

Hesabu za kwenye karatasi tunazijua. Eka moja, miche kadhaa, kila mti kilo kadhaa, zidisha kwa bei ya sokoni, tayari umekuwa tajiri. Karatasi hiyo haina mstari wa mlinzi anayeuza mbolea yako, wala wa pampu iliyoharibika wiki ya ukame, wala wa lori lililonasa kwenye tope siku tatu na matunda yakiwa ndani.

Na haina mstari wa tangazo la Serikali, ambalo naliogopa kuliko ukame. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kuvuka mpaka. Mwaka 2018 wanunuzi wa korosho walipotoa bei ndogo kule Mtwara na Lindi, Serikali iliamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapelekwa kuzibeba, na wakulima wengi wakasubiri malipo muda mrefu. Msimu wa 2022/23 wakulima wa alizeti, waliokuwa wamehamasishwa kulima kwa wingi, waliona bei ikianguka wakati mafuta ya kula ya nje yakiingia kwa ushuru uliopunguzwa. Nia ya kila uamuzi unaweza kuitetea, maana mafuta yalikuwa yamepanda na watu wa mjini wanalia. Lakini aliyelipia uamuzi huo ni mwenye shamba Singida.

Parachichi ndilo zao ninaloulizwa sana, na linastahili. Nyanda za juu, Njombe na Rungwe hasa, zinalipokea vizuri, na Novemba 2022 China ilifungua soko lake kwa parachichi zetu. Ila mti wa Hass, aina ya parachichi inayouzwa nje, unataka miaka mitatu au zaidi kabla ya kukulipa, na tunda la kusafirisha nje halisubiri. Linataka ubaridi kuanzia linapochumwa hadi melini. Kwa miaka mingi sehemu ya parachichi za Nyanda za Juu Kusini imepitia Mombasa badala ya Dar es Salaam, na umbali wote huo hukatwa kwenye bei ya mkulima. Milioni 20 zinatosha kuanzisha shamba dogo. Kulifikisha mavunoni bila fedha nyingine kutoka mfukoni ni habari nyingine kabisa.

Zikikaa bega kwa bega

| | Lini inakulipa | Kutoka haraka | Anayebeba mzigo wa nchi |
|---|---|---|---|
| Hatifungani ya muda mrefu | Kila miezi sita | Kupitia DSE, kwa bei ya siku | Hazina; kwako mfumuko wa bei na shilingi |
| Vipande vya mifuko | Kwa masharti ya mfuko | Siku chache | Msimamizi wa mfuko |
| Kiwanja | Siku ya kuuza | Vigumu | Wewe: hati, mipango miji, barabara |
| Hisa | Gawio likitangazwa | Inategemea kampuni | Kampuni. Kwako soko jembamba |
| Shamba | Msimu, au miaka kwa miti | Vigumu sana | Wewe: mvua, barabara, bei, matangazo |

Siasa haina safu hapo kwa sababu inagusa zote. Uchaguzi wa Oktoba 2025 uliandamana na ghasia na vifo, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Biashara zinazopokea malipo kwa simu zilisimama. Mwenye hatifungani ya miaka 25 hakuona tofauti kubwa wiki ile, lakini yeye ndiye aliyeikopesha nchi hadi mwaka 2050 na ushei, kwa hiyo asijione yuko pembeni.

Na ahadi ya asilimia 20 kwa mwezi sijaiweka kwenye jedwali kwa makusudi. DECI, ule upatu uliosambaratika mwaka 2009, iliwafundisha watu "kupanda mbegu", na bado kila baada ya miaka michache mbegu ileile inarudi na jina jipya, siku hizi kwenye simu.

Ningemwambia nani nini

Mstaafu aliyepokea mkupuo wake baada ya vita vya kikokotoo (fomula ya kukokotoa mafao), na nyumba anayo: milioni 15 hatifungani, zilizobaki kwenye mfuko wa kutoka haraka kwa ajili ya matibabu. Agawanye hatifungani zake, sehemu ya miaka 25 na sehemu ya muda mfupi zaidi, ili asifungwe na riba ya mwaka mmoja. Shamba asiguse, hata mkwe akimbembeleza.

Kijana wa miaka 30 asiye na nyumba: kiwanja ni sawa, mradi kina hati na ana mpango wa kujenga. Kama hana mpango huo, aanze na vipande na hisa za mabenki kidogokidogo. Muda ndio mali yake, na kiwanja kitamsubiri.

Aliye nje anayepata dola au riali na anatarajia kurudi kutumia shilingi, hatifungani inamfaa. Asiyetarajia kurudi afikirie mara mbili, kwa sababu kushuka kwa shilingi kunaweza kumla sehemu nzuri ya riba.

Wa mwisho ni yule ambaye tayari anaishi Rungwe au Njombe, shamba analo, miti imeshashika, anajua mnunuzi wake kwa jina na anachokosa ni maji ya kiangazi. Barabara mbovu na matangazo ya Serikali anavibeba kila siku, atake asitake, na kisima chenye pampu kinamwondolea mzigo mmoja anaoulipia kila mwaka. Huyo hatifungani ziache zisubiri, achimbe kisima kwanza.